Mboga ya Mgeni

Mpaka leo mtu akiniuliza ni mboga gani iliyokuwa ikinidhuru, sina jibu lililonyooka la kumpa. Nikisema ni saga, nitakuwa mwongo, kwa sababu saga nimekula na bado ninakula. Nikisema si saga, nitakuwa mwongo zaidi, kwa sababu kuna siku nilikula saga nikavimba midomo hadi nikashindwa kunywa maji bila kujimwagia. Mboga ilitoka tuta lile lile, ikachumwa na mkono ule ule. Mwili wangu ndio uliokuwa na mambo yake, nao haukuwa na haraka ya kunieleza.

Tuta lilikuwa la mama yangu, kule Silanga, Kibera, upande wa bwawa. Mama alikuja Nairobi kutoka Magharibi kabla sijazaliwa, akakuta watu wamejikatia vishamba kando ya maji, naye akajikatia chake. Alipanda mboga za kwetu, saga, managu, mito na kunde, akawa anauza mafungu mbele ya nyumba na kubakiza ya kwetu. Kwa wasioijua, saga ni ile mboga ya majani madogo na maua meupe, chungu kwelikweli. Ukiikaanga kama sukuma na kuipakua papo hapo, mtu mzima ataitema. Dawa ya uchungu wake ni subira. Unaichemsha, unamwaga maji, unaitia munyu, yaani maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, halafu unaongeza maziwa na kuiacha kwenye chungu. Kesho unaipasha moto na kuongeza maziwa tena. Kesho kutwa vivyo hivyo. Inalainika, inakuwa nzito, mpaka uchungu unaobaki ni ule mdogo wa kukukumbusha kwamba unakula kitu.

Kwa mama yangu, mboga iliyopikwa leo na kuliwa leo haikuwa mboga. Ilikuwa chakula cha mgeni. Mgeni aliyetokea bila kutangaza, akakuta chungu kitupu, huyo ndiye unayemchemshia majani harakaharaka huku ukimwomba radhi. Mtoto wa nyumbani hali hivyo. "Mgeni anangojea mboga," mama alizoea kusema. "Lakini mtoto, mboga ndio inamngojea."

Nikiwa mdogo nilijikuna sana. Walisema ni mbu wa bwawa, wakasema ni sabuni, wakasema ni damu yangu tamu. Nikajikuna nikakua, nikaolewa.

Niliolewa na fundi wa mbao kutoka Kitui, tukapanga chumba Kawangware, pale steji ya 46, ambapo nilikuwa nikifuma sweta za shule kwa mashine. Sasa, kwa desturi ya kwetu, mama hakanyagi nyumba ya mkwe wake mpaka wazee wamalizane habari ya mahari, na wetu hawakuwa na dalili ya kumalizana. Walikutana, wakala, wakaahirisha. Kwa hiyo mama hakuwahi kuona kitanda changu wala jiko langu. Alichofanya ni kutuma mboga. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa akiuza nguo sokoni Kawangware, na kila wiki alinifikia na mkebe wa plastiki wenye kifuniko chekundu, umefungwa kwa leso, una saga au managu kutoka kwenye chungu cha Silanga. Mkebe ule ndio uliokuwa miguu ya mama yangu. Nikiufungua nilijua kama wiki hiyo alikuwa na furaha au la, kwa vile alivyotia maziwa.

Nilipokuwa mjamzito nilikula mikebe ile nikaimaliza, nikalamba na kifuniko. Hakuna kilichoniwasha. Hata kule kujikuna kwangu kwa zamani kuliisha. Nilidhani nimepona kitu ambacho sikuwa nimekijua jina.

Nikajifungua mtoto wa kike. Mama hakuweza kuja kunikanda wala kunishika mkono, kwa sababu ya hiyo desturi, lakini mkebe ulikuja umejaa hadi kifuniko kikawa hakifungi vizuri. Mama mkwe, yeye, alikuwapo. Alikuwa akikaa Satellite, mtaa wa jirani, kwa mwanawe mkubwa, na kila asubuhi alikuja kwangu kwa miguu, ananipikia uji, ananyoosha mtoto kwa mafuta, anafua nepi. Alikuwa mama mpole wa maneno machache, na nilimpenda. Nasema hivyo ili asichukuliwe vibaya kwa nitakayoyasimulia.

Mara ya kwanza nilidhani ni joto. Nilikuwa nimekula saga na ugali, nimemweka mtoto kwenye ziwa, mara uso ukawaka moto kama niliyeinamia jiko. Masikio yakawasha kwa ndani, mahali ambapo kidole hakifiki. Mabaka yakatokea mikononi, mekundu na yaliyoinuka, yakaungana. Moyo ukaanza kukimbia, nami nimekaa tu. Mama mkwe alinitazama, akamchukua mtoto, akamfunika kwa kanga, akaenda kukaa naye mlangoni. Baada ya muda mambo yote yakatulia, nikabaki na kichwa kizito. Wiki iliyofuata yakarudi. Halafu ikapita wiki moja bila kitu, na nilikuwa nimekula mkebe mzima. Halafu yakarudi tena, mara hii na midomo.

Mume wangu aliulaumu uzi wa sweta. Mimi niliyalaumu mayai, nikaacha mayai, nikavimba. Nikaacha maharagwe, nikavimba. Jirani wa mlango wa pili alisema ni maziwa ya mama yameingia kwenye damu. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nina hasira, na vidole vilivimba hivi kwamba mashine ya kufuma ilikaa imefunikwa.

Nikaenda kliniki, siku ambayo daktari wa ngozi alikuja. Alikuwa kijana wa Pwani, mwenye Kiswahili kile cha kwenye redio ambacho unasikia raha kukisikiliza hata kabla hujakielewa. Aliniuliza maswali mengi kuhusu chakula. Halafu akaniambia kwamba mwilini kuna kitu kinaitwa histamini, kila mtu anacho, na vyakula vingine vinacho pia. Miili mingi inakiondoa. Wangu ulikuwa unashindwa kukiondoa chote, na kikizidi ndipo navimba. Mimba, alisema, ilikuwa imenisaidia kukiondoa, ndiyo maana wakati ule nilipumzika. Akasema ni kama ndoo chini ya bomba, si kila tone linaifanya ifurike. Sehemu hiyo niliielewa, kwa sababu ndoo chini ya bomba ninaijua.

Kisha akaanza kunikataza. Nyanya, basi. Spinachi, basi. Biringanya, basi. Omena na samaki wowote waliokauka, basi. Maziwa mala, basi. Sukuma nile, kabeji nile, karoti, malenge, matango, viazi. Nikamuuliza kwa nini sukuma ndiyo na spinachi hapana, na zote ni majani ya kijani. Akasema ndivyo ilivyo. Nikamuuliza kuhusu saga. Saga hakuijua. Aliniomba nimwelezee majani yake, akatikisa kichwa, akasema mboga za kienyeji kwa kawaida hazina neno.

"Ila viporo," akasema huku ananipa vidonge vidogo vya manjano vya mwasho, vile vinavyoleta usingizi, "viporo usiguse kabisa. Hivyo ndivyo vibaya kuliko vyote."

Nikaitikia kwa kichwa. Shuleni Kiswahili nilikuwa nakipita vizuri, na sikutaka kijana wa Pwani anione mjinga. Nilidhani viporo ni mboga ya kwao huko, pengine inaota karibu na chumvi. Hiyo ilikuwa amri rahisi kuliko zote, kwa sababu sijawahi kuona kiporo sokoni Kawangware na sikuwa na hamu nacho.

Nyumbani nilimweleza mume wangu.

"Eti una nini mingi?" akauliza.

"Histamini."

"Stamina? Si hiyo ni kitu mzuri? Watu wa mpira wanaitafuta na hawaipati."

Alicheka peke yake. Lakini neno lilipenya ukutani, maana kuta zetu zilikuwa mabati, na kabla ya Jumapili ploti nzima ilijua kwamba mke wa fundi amekutwa na stamina nyingi, ndiyo maana anavimba. Wanawake walinitazama kwa aina fulani ya heshima. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini nilikuwa nikila nini kabla.

Nikaanza chakula changu kipya. Sukuma bila nyanya ni jambo la kusikitisha, mwenye kubisha ajaribu. Nilikaanga kwa kitunguu na chumvi, nikala na ugali, nikakaa kungojea. Hakuna kitu. Kabeji na karoti, hakuna kitu. Ngozi ikatulia, nikaifunua mashine, nikafuma. Halafu Jumatano mkebe ukaja. Saga haikuwa kwenye makatazo, daktari mwenyewe alisema mboga za kienyeji hazina neno, na nilikuwa nimeikosa. Nikala. Nikavimba vibaya kuliko siku zote, mpaka jicho moja likafunga.

Mama mkwe alingoja nitulie. Kisha akauchukua mkebe, akaufunga kifuniko, akauweka nje ya mlango.

"Mwiitu," akaniita, kama wanavyomwita binti kwao. "Mimi sisemi kitu ya mtu. Lakini macho yangu inaona. Ukikula ya hapa, uko sawa. Ukikula ya hiyo mkebe, unakuwa hivi. Na mtoto ananyonya. Hiyo mkebe isifunguliwe hapa tena."

"Ni mboga tu, mama. Ni mama yangu."

"Sijasema si mama yako."

Ndilo hilo. Hakusema neno uchawi, wala mimi sikulisema, lakini lilikaa nasi pale kwenye stuli ya tatu. Nilijua likishakaa halitaondoka kirahisi. Lingefika Satellite kwa shemeji, lingefika Kitui, na wazee wangepata sababu yao nzuri ya kutomalizana milele. Na mkebe ukikatazwa, mama yangu angefikaje kwangu? Hana ruhusa ya kuja kwa miguu yake. Angebaki Silanga akiuza mafungu, na mjukuu wake akimsikia kwenye maneno ya watu tu. Nililia, na nilikasirika kwamba nalia, kwa sababu machozi yaliniwasha mashavu.

Lakini mama mkwe alikuwa ameona alichokiona, na mimi pia nilikuwa nimekiona. Hilo ndilo lililonivuruga. Ningeweza kumtetea mama mbele ya mtu yeyote, ila si mbele ya jicho langu lililofunga. Usiku... hapana, mchana kweupe, nikifuma, nilijikuta nikijiuliza mama anatia nini kwenye kile chungu. Munyu wa majivu ya nini? Maji ya wapi? Bwawa lenyewe miaka ile lilikuwa limeanza kufunikwa na magugu, na kila kitu kilichotupwa Kibera kiliishia humo.

Nikarudi kliniki. Bahati yule kijana alikuwapo. Nikamwambia nimeacha vyote alivyokataza na bado navimba.

"Na viporo?"

"Viporo hata sijawahi kuvionja maishani mwangu."

Akaweka kalamu chini. "Dada, kiporo ni chakula kilicholala. Kilichobaki, kikalala, ukala kesho yake."

Niliona aibu hadi kwenye nyayo. Mboga ya Pwani inayoota karibu na chumvi! Lakini nilipata na furaha, kwa sababu sasa nilikuwa na neno ninalolielewa. Kilicholala. Hata mala, kumbe, ni maziwa lala tu tuliyoyafupisha, na ndiyo maana yalikatazwa. Kwa mara ya kwanza mambo mawili yalikaa kwenye mstari mmoja. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda moja kwa moja Silanga.

Mama alikuwa anachambua kunde. Alimpokea mtoto kwanza, akamnusa shingo, akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, ndipo akanitazama mimi. Aliniita mama, kama siku zote, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Mama, umekonda."

"Daktari amenikataza mboga iliyolala."

Kunde zikasimama mkononi mwake. "Nani anakulisha mboga iliyolala?"

Nikachukua kunde, nikaanza kuchambua.

"Mimi?" akasema. "Mimi mwenye nachuma kwa shamba yangu? Mboga iliyolala ni ya sokoni, hizo wanamwagia maji, zikikauka wanamwagia tena. Hizo ndizo zimelala. Mimi sijawahi kukulisha mboga imelala, hata siku moja, hata wakati baba yako alituwacha bila kitu."

"Najua."

"Basi kama ni hivyo, nitachuma alfajiri. Ikitoka na umande, inaingia kwa maji ya moto. Mwambie huyo mama mkwe wako, na umande."

Nikarudi Kawangware nimeridhika. Nilikuwa na akili timamu, nina mtoto, ninasoma kipimo cha sweta bila kukosea, na bado nilirudi nimeridhika! Neno lilikuwa limesemwa, limesikika, limejibiwa. Sikuona shimo lolote hapo. Sisi wote wawili tulilelewa kwenye chungu kile. Mboga iliyo ndani ya chungu haijalala, inaiva. Ukimwambia mama yangu kwamba saga yake imelala, ni sawa na kumwambia mtoto wake anayelelewa ameachwa.

Nikamsihi mama mkwe afungue mlango kwa mkebe mmoja tu, kwa sababu sasa tumejua shida ni nini. Akakubali kwa shingo upande. Mkebe ukaja, na salamu kwamba mboga ilichumwa na umande, na sikuwa na shaka hata chembe kwamba ilichumwa na umande. Nikala mbele yake. Sikumaliza hata nusu ya sahani kabla masikio hayajaanza kuwasha.

Mama mkwe hakusema nilikwambia. Aliosha ule mkebe kwa mikono yake, akaukausha, akaweka ndani yake pojo, kwa sababu hata kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Akampa yule mama wa kanisa. "Mwambie ashukuriwe sana," akasema, "na apumzike kutuma."

Nilijua mama ataelewa. Watu wa aina yao wanaongea kwa pojo.

Sikukaa. Siku ya pili yake nilienda Silanga bila kutangaza. Nilimkuta ameketi mlangoni, mkebe wa pojo uko kando yake haujaguswa. Ndani, chungu kilikuwa kimefudikizwa chini, kimesuguliwa hadi kikang'aa. Sikuwa nimewahi kukiona chungu kile kitupu tangu nipate akili.

"Umekuja na hakuna mboga," akasema.

"Nimekuja kukula."

"Chungu ni tupu."

"Basi nipikie ile iko shamba."

Alisimama kwa tabu, akaenda tutani, akarudi na saga kidogo. Aliichemsha, akamwaga maji, akachemsha tena, akatia chumvi na maziwa ya pakiti. Muda wote alikuwa ananung'unika kwa Kiluhya, akimwomba radhi mtu ambaye nadhani alikuwa mama yake marehemu. Aliponipakulia hakunitazama. "Itakuwa chungu," akasema. "Utakula kama mgeni. Sina la kufanya."

Ilikuwa chungu kweli. Nilikula kwa hasira, tonge baada ya tonge. Nilikuwa nimeamua kwamba kama ni kuvimba nivimbe hapo mbele yake, aone, tulie pamoja, jambo liishe. Nikamaliza. Tukakaa. Mtoto akanyonya, akalala, akaamka. Mama alinitazama masikio, akanishika mikono, akaigeuza kama anayekagua embe.

Hakuna kitu.

"Labda bado," nikasema.

Tukangoja. Jua likahama kutoka upande huu wa uchochoro hadi ule. Hakuna kitu. Ngozi yangu ilikaa kimya kama ya mtu mwingine.

"Hii ni saga," mama akasema polepole. "Ile ya mkebe ni saga. Tuta ni moja. Maziwa ni maziwa. Munyu nimetia au sijatia?"

"Hukutia."

"Basi ni munyu." Akafikiri. "Hapana. Hata zile wiki hukuvimba, munyu ulikuwa kwa mboga." Akafikiri tena. "Huyo daktari, hebu sema vile alisema. Usiongeze ya kwako."

"Alisema chakula kilichobaki, kikalala, ukala kesho yake."

"Kesho yake."

"Ndiyo."

"Kimepikwa?"

"Sijui. Nadhani. Ndiyo, kimepikwa."

Mama aliinua macho, akakitazama chungu kilichofudikizwa. Nami nikakitazama, na hapo ndipo nilipoelewa, yaani niliona kitu cha kuelewa kikipita, hata kama sikukishika chote. Hakukuwa na uchawi, wala maji ya bwawa. Ilikuwa ni ile subira yenyewe. Alikuwa akiniwekea mboga iningojee, siku baada ya siku, maziwa juu ya maziwa, na kila siku aliyoongeza kwa mapenzi, ndivyo ilivyozidi kunidhuru. Na wiki ambazo sikuvimba labda zilikuwa zile alizochelewa, akaona aibu, akatuma ambayo haijakaa.

"Kwa hivyo ile nilikuwa nakupea kama mtoto wangu," akasema, "ndio ilikuwa mbaya. Na hii ya mgeni ndio nzuri."

"Si wewe, mama. Ni histamini."

"Simjui huyo."

Hata mimi simjui, nilitaka kusema. Nilitaka kumweleza habari ya ndoo na bomba, lakini uso wake ulinizuia.

"Basi kwangu utakula kama mgeni," akasema. "Mpaka nife."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaondoka, na kwaheri yetu siku hiyo ilikuwa fupi.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe kila kitu, neno kwa neno, na kiporo, na umande. Alisikiliza akimpapasa mtoto. "Kumbe ni kukaa," akasema mwishoni. "Hata isyo yetu ya mahindi na maharagwe, ikikaa inakuwa kitu ingine." Sijui kama aliamini yote. Ila wiki iliyofuata mama wa kanisa alikuja bila mkebe. Alileta fungu la saga mbichi limefungwa kwa kamba ya mgomba, mizizi na udongo wake, na ni mama mkwe aliyelipokea. Alilinusa, akasema mboga ni nzuri, akauliza inapikwaje. Hivyo miguu ya mama ikaruhusiwa tena kuingia, lakini mikono yake ilibaki nje, na jambo hilo liliniuma, linaniuma hata sasa.

Nilingoja wiki mbili hivi kabla ya kwenda Silanga tena. Niliogopa ile sahani ya mgeni na ule uso. Nilipofika, mama hakunikaribisha kiti. Alimchukua mtoto, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akanipa jembe.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe," akasema. "Hukumbuki ulisoma hiyo shule? Enda ulime hiyo tuta, uchume, ukuje upike. Mgeni hapiki."

Nikaenda. Nilipalilia saga nikiwa na viatu vya kanisani, nikachuma, nikaketi chini nikachambua, nikachemsha na kumwaga maji kama nilivyomwona akifanya tangu utotoni. Yeye alikaa kwenye kiti kizuri, kile cha wageni chenye kitambaa kilichofumwa, mtoto mapajani, akiniambia moto ni mdogo, sasa moto ni mwingi. Chungu kilikuwa pale pale chini, kimefudikizwa, kimeanza kushika vumbi.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Chungu chako hupiki?"

"Nipike, nikule na nani?"

Nikapakua sahani mbili. Alimega tonge, akachovya, akatia mdomoni, na uso wake wote ukakunjika kama wa mtoto aliyepewa dawa. Akameza.

"Ni majani," akasema. Akamega tonge lingine.